Jicho la Mtumba

Mjomba alirudi kutoka Moscow mwaka 1978 na vitu vitatu vilivyozungumzwa mtaani kwetu Ngamiani kwa muda mrefu: shahada ya uhandisi wa mitambo, koti zito la sufu, na kamera ya Zenit-E iliyokuwa ndani ya mkoba wa ngozi mgumu kama kiatu cha askari. Shahada ilimpatia kazi bandarini. Koti lililiwa na nondo, maana Tanga haina mwezi wa kulivaa. Kamera ilipiga harusi, maulidi, vipaimara na picha za pasipoti za watu wasiokuwa na safari, hadi siku shata yake ilipogoma. Kilichobaki kizima ni lenzi. Ilikaa kabatini miaka na miaka ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringishiwa kipande cha kanga, na kila nilipoligusa kopo lile nikiwa mtoto niliambiwa, “Weka hapo, hilo ni jicho.”

Ni Helios-44-2, milimita 58, tundu la f/2. Pembeni mwa jina kuna alama ya kiwanda cha Krasnogorsk, mji ulio jirani na Moscow: mche wa kioo na mshale wa mwanga unaopinda ndani yake. Namba yake inaanza na 77, na kwa lenzi nyingi za Kisovieti tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka wa kuzaliwa. Kwa hiyo ilikuwa mpya kabisa mjomba alipoinunua. Mimi nimeirithi ikiwa na umri wa mtu anayeitwa mzee bila kuudhika.

Sasa imefungwa mbele ya Canon EOS 5D, kamera ya kidijitali iliyotoka mwaka 2005. Niliinunua kwa mpiga picha za harusi aliyekuwa anahamia kwenye kitu kipya. Aliniuzia kwa huruma, kama mtu anayekuuzia mbuzi mzee huku akikwambia pa kupata majani laini. Ina megapikseli 12.8. Haichukui video. Skrini yake ya nyuma ni hafifu kiasi kwamba ukiitazama juani unajiona mwenyewe. Kwa kila kinachoandikwa kwenye boksi, simu ya kijana wa bodaboda inaishinda.

Wenzangu huniuliza kwa nini nisiifunge lenzi hii kwenye kamera ya kisasa isiyo na kioo cha kuinuka, ambayo ingenionyesha fokasi kwa rangi na kunikuzia picha kabla sijapiga. Ni swali la haki, na anayetaka urahisi afanye hivyo. Mimi nina sababu yangu. Kihisi cha 5D, kile kipande kilichokaa mahali pa filamu, kina upana uleule wa fremu ya Zenit, milimita 36 kwa 24, na vijishimo vyake vya kupokea mwanga ni vikubwa, kila kimoja mikromita 8.2 hivi. Kamera yenye megapikseli 45 kwenye eneo hilohilo ina vijishimo vya karibu nusu ya upana huo, nayo hufichua kila dhambi ya lenzi kongwe: kingo zilizolegea, uzi wa zambarau unaozunguka matawi yanapopishana na anga. 5D haichunguzi kiasi hicho. Ina adabu ya mgeni anayehisi kwamba chumba cha ndani hakijafagiliwa, akasema yeye atakaa barazani tu, kuna upepo.

Kuzifunga pamoja kunahitaji pete moja ya chuma ya bei ndogo. Nyuma ya Helios kuna nyuzi za skurubu zenye kipenyo cha milimita 42, na ndiyo maana mtindo huo huitwa M42. Ulitoka Dresden, ukaonekana kwenye Contax S ya mwaka 1949, ukachukuliwa na Praktica, na Pentax ya Japani mwaka 1957, na Zenit, na wengine chungu nzima. Ulikuwa kama Kiswahili cha bandarini: kila mmoja aliuzungumza kwa lafudhi yake na biashara ikaenda. Lenzi ya Dresden ilikaa kwenye kamera ya Tokyo, ya Krasnogorsk ikakaa kwenye ya Dresden, katika miaka ambayo kambi za wenye viwanda hivyo zilikuwa zimeelekezeana makombora.

Kila lenzi lazima ikae umbali wake kamili kutoka kwenye filamu, au kihisi, la sivyo haioni mbali. Kwa M42 umbali huo ni milimita 45.46. Kwa Canon EOS ni milimita 44. Toa, inabaki milimita 1.46, na huo ndio unene wa pete yangu, nyembamba kama sarafu. Mwenye Nikon hana bahati hiyo: kamera yake inadai milimita 46.5, kwa hiyo hata kabla hajaweka pete lenzi imeshakaa mbali mno, na bila kipande kingine cha kioo ndani ya adapta hataona kitu nje ya ua wake. Kichekesho kiko kwa Canon wenyewe. Walipobadili mfumo mwaka 1987, lenzi zao za zamani za FD, ambazo zilikaa kwenye milimita 42, ziliachwa kwenye mataa. Ndiyo kusema 5D yangu humkaribisha mtoto wa jirani aliyekuwa hasimu na kumfungia mlango mtoto wa nyumbani.

Na huyo mtoto wa jirani naye ukoo wake una maneno. Mchoro wa Helios ni wa Biotar, lenzi ya Carl Zeiss ya Jena iliyobuniwa na Willy Merté miaka ya 1920. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Jena iliangukia upande wa Wasovieti. Mashine, michoro na mafundi wakasafirishwa mashariki, na Biotar ya milimita 58 ikazaliwa upya kwa jina la jua la Wagiriki. Vipande sita vya kioo katika mafungu manne. Walioshinda waliita fidia. Mjomba, aliyenunua yake kwa akiba ya posho ya mwanafunzi, anasema yeye alilipa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kamera haijui kwamba ina lenzi. Hakuna mguso wa shaba, hakuna mota. Mahali pa kuandika namba ya tundu, 5D huandika 00, kama karani aliyeacha nafasi ijazwe baadaye. Mbele ya Helios kuna pete mbili. Moja ina vituo, na kila kituo hutoa mlio mdogo unaosikika kidoleni zaidi kuliko sikioni. Pete hiyo haifungi tundu. Inaweka mpaka tu. Ya pili haina mlio, huteleza kutoka wazi kabisa hadi kwenye mpaka ule, ikagota. Unaweka mpaka kwenye 5.6, unafungua pete laini hadi f/2 ili kichungulio kijae mwanga, unafokasi, kisha bila kuondoa jicho unairudisha pete laini hadi igote, unapiga. Nilipokuwa mdogo nilimwona mjomba akifanya hivi huku akiwaambia maharusi wasogee. Vidole vilijiendea, kama miguu inavyovua ndara mlangoni.

Ugumu uko kwenye fokasi. Mtu akiwa mita moja mbele yako na lenzi ikiwa wazi kwenye f/2, eneo lililo kali lina unene wa sentimita tatu na nusu hivi, mbele na nyuma pamoja. Kope zikiwa kali, masikio yameshaondoka. Sentimita tatu na nusu ni mwendo ambao mwili wa binadamu huuenda bila taarifa: unavuta pumzi, umeshapita. Na kichungulio nacho hakisemi kweli yote. Bamba la kichungulio katika kamera zinazofokasi zenyewe limetengenezwa liwe angavu, na linaonyesha kina kama cha f/2.8 hivi hata ukifungua zaidi. Unaona kila kitu kikali, unafurahi, unafika nyumbani unakuta umepiga kola ya shati. 5D angalau inakubali kubadilishwa bamba. Nililiweka lile la Canon liitwalo Ee-S, lenye chembe kali zaidi na giza zaidi, nikaijulisha kamera kwenye menyu, na kwa mara ya kwanza nikaona fokasi ikija na kuondoka kama mtu anayepita mlangoni.

Kuna mama anayepika vitumbua kona ya nyumba ya pili kutoka kwetu, tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Nilimwendea saa kumi na mbili na nusu, mwanga ukiwa bado wa kijivu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Piga, lakini usinizibie wateja.”

Chuma chake kina mashimo saba, moja katikati na sita kuzunguka. Kwanza nilifanya kosa la kila mtu: nilimfuata. Mkono ulipokwenda kwenye bakuli la unga nikazungusha pete kuufuata, uliporudi nikazungusha kurudi, na kila nilipofika ulikuwa umekwisha ondoka. Pete ya Helios ina mwendo mrefu, haikutengenezwa kwa kukimbizana. Baada ya dakika kumi za kushindwa niliacha kuangalia mkono nikaangalia chuma. Mama hageuzi ovyo. Huanza na shimo lililo karibu naye, huzunguka kushoto, humalizia la katikati, na kila kijiti kinapoingia chini ya kitumbua husimama kidogo, pumzi moja, kabla ya kupindua. Shimo halitembei. Nikafokasi ukingo wa shimo la tatu, ule uliokuwa na povu la mafuta, nikaiacha pete, mikono yote miwili ikawa ya kushika kamera tu. Kilichobaki ni mwili wangu: nikiinama kidogo povu linalainika, nikirudi linakuwa na nukta. Nikaegemea nguzo, nikatoa pumzi nusu, nikangoja zamu ya shimo la tatu.

Nilipiga mara kumi na moja. Mbili zilikuwa sawa. Katika moja ncha ya kijiti ni kali hadi unaona mbao ilivyoungua, povu limetulia kama shanga, na nyuma uso wa mama umeyeyuka katika moshi lakini unajua kabisa kwamba anatazama kijiti na si mimi. Lenzi ya kisasa ingefokasi jicho lake, maana imefundishwa kutafuta macho. Mimi nilikuwa naitaka ile pumzi moja ya kijiti.

Sitaki kuwadanganya kwamba tisa zilizoharibika hazikuniuma. Ziliuma. Na mpiga picha anayelipwa kwa tukio lisilorudiwa, tuseme bwana harusi anapomfunua bibi harusi, asimwekee mtu Helios. Ni uzembe uliovaa kanzu ya sanaa. Hii ni lenzi ya mtu mwenye nafasi ya kurudi kesho.

Sifa iliyoifanya Helios ijulikane duniani ni nyingine, na kwangu mimi si kubwa. Ukimweka mtu mbele ya majani yaliyotobolewa na mwanga, ukafungua f/2, mandhari ya nyuma huzunguka kama maji ya uji unaokorogwa. Chanzo chake ni kasoro mbili zinazoshirikiana: mbali na katikati, kingo za bomba la lenzi hukata mwanga, kila duara la mwanga likageuka umbo la jicho la paka, na uwanja wa fokasi wenyewe haujanyooshwa sawasawa, hivyo yale macho ya paka yakajipanga kuzunguka kitovu. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo, kama zile za EOS za wanafunzi, pembezoni hukatwa na mzunguko karibu wote hupotea. Kwenye 5D unaupata mzima. Watu wameipenda hadi bei za lenzi hizi zimepanda. Mimi naiona kama pilipili ya kwenye urojo. Ikizidi, unakuwa unakula pilipili.

Ninachokipenda zaidi hakipigiwi kelele. Utando wa Helios wa kuzuia mwanga kurukaruka ndani ni duni kwa vipimo vya leo, na jua likiingia pembeni, kivuli hakifiki kwenye weusi wa mwisho. Wakaguzi huita udhaifu. Tanga saa sita mchana, kanzu nyeupe na uso mweusi katika fremu moja, jua liko utosini, ule udhaifu hulegeza kidogo uzi ulioshikana mno: tundu la jicho chini ya kofia halizibi kabisa. Nikitaka weusi urudi, nakinga kioo kwa kiganja cha kushoto. Kiganja ndiyo chandarua changu cha lenzi, hakipotei.

Zipo nyingine katika kopo. Tessar ya Jena, milimita 50, f/2.8, ya mchoro wa Paul Rudolph wa mwaka 1902, vipande vinne tu vya kioo. Wajerumani waliitangaza kama jicho la tai la kamera yako, na ukiifunga hadi f/8 huna la kubisha. Pentacon ya milimita 50, f/1.8, niliyoipata kwenye studio iliyokuwa inafungwa, inayosogea hadi sentimita 33 na kukuonyesha vumbi juu ya ua la mwasumini. Na Super-Takumar ya Pentax, milimita 50, f/1.4, ambayo inastahili kisa chake.

Takumar yangu ilikuja na rangi ya chai ya rangi. Wajapani waliweka thoriamu kwenye kioo chake ili kiweze kupinda mwanga zaidi. Thoriamu hutoa mnunurisho hafifu, na miaka inavyokwenda mnunurisho huo hukitia kioo manjano. Dawa yake ni miale ya urujuanimno, na miale hiyo Mungu ametumiminia bure. Niliiweka dirishani, uso ukiangalia jua, nikaenda kazini. Kilichonitoka akilini ni kwamba lenzi iliyo wazi mbele ya jua ni kiberiti. Mke wangu ndiye aliyenusa kwanza. Mkeka aliopewa na mama yake kutoka Pemba una tundu hadi leo, duara safi kabisa, fokasi isiyo na lawama. Siku zilizofuata niliweka karatasi ya alumini chini yake, mwanga ukapita, ukagonga, ukarudi kupita tena, na baada ya wiki mbili chai ikawa maji. Tundu la mkeka halikuzibika, na hutajwa kila mgeni anapokuja na kamera.

Adui wa kweli wa vioo hivi pwani si jua lakini. Ni kuvu. Hewa yetu ikikaa na unyevu siku nyingi, na lenzi ikiwa gizani ndani ya kopo, kinaanza kiunyuzi kimoja cheupe ukingoni, kisha kinatawanyika kama mizizi ya mpunga. Ukikiacha, kinatoa asidi inayokula utando wa kioo, na hapo hakuna kitambaa kitakachosaidia. Helios ya mjomba ilikuwa na mizizi hiyo kwenye fungu la nyuma, na grisi ya pete yake ilikuwa imekauka kuwa nta. Kuizungusha ilikuwa kama kufungua mtungi wa achari.

Nilikuwa nimeshajaribu kufungua lenzi mara moja, ile Pentacon, peke yangu, kwa kiburi. Bomba linalosogeza lenzi mbele na nyuma lina nyuzi zenye midomo kadhaa ya kuanzia. Ukilitoa bila kuweka alama ni mdomo upi ulioachana na upi, utalirudisha, litaingia vizuri, litazunguka vizuri, na fokasi itakuwa imehama. Pentacon yangu ilikaa miezi kadhaa haioni zaidi ya mita mbili. Niliitumia kupigia maua.

Safari hii nilikwenda kwa fundi saa wa barabara ya kumi na mbili, mzee anayekaa chini ya kibaraza na meza yenye ukubwa wa sinia. Alikuwa hajawahi kufungua lenzi. Aliigeuzageuza, akasikiliza pete, akasema, “Ni saa isiyo na mishale.” Aliniambia nirudi kesho asubuhi, mwanga mzuri, na nisije na maneno mengi.

Alitandika kitambaa cheupe. Juu ya mgongo wa kalenda ya zamani alichora duara tatu kwa kalamu ya risasi, mbele, katikati, nyuma, na kila skurubu iliyotoka aliiweka juu ya mahali pake kwenye mchoro. Pete ya jina haina pa kushika. Alikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakibandika kwa kiganja, akabonyeza, akazungusha, ikaja. Pete ya nyuma ina vijitundu viwili vilivyoelekeana. Alifungua bikari ya shule iliyokuwa imenolewa miguu yote miwili, akaikaza kwa upana huo, akaingia. Kila mara kabla ya kutoa kitu alikaa kukitazama. Ningesema alikuwa anasitasita, lakini mkono ulipoanza haukurudi nyuma hata mara moja.

Alipofika kwenye bomba lenye nyuzi alipunguza mwendo hadi nikadhani amesinzia. Alizungusha kwa ncha za vidole, robo ya robo, akingoja nyuzi ziachane. Pale zilipoachiliana, nami sikusikia chochote, alisimama, akachukua pini, akachora mkwaruzo mwembamba sehemu zote mbili, mmoja mkabala na mwingine. Sikuwa nimemwambia. Nilimweleza habari ya Pentacon baada ya hapo na alicheka hadi akavua kioo chake cha jichoni.

Nta ilitoka kwa petroli nyepesi ya kujazia viberiti na mswaki wa zamani. Kuvu tuliitoa kwa haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, asilimia 3, pamba ikizunguka kutoka katikati kwenda nje, kisha spiriti, kisha pumzi ya mdomoni na kitambaa laini. Alama mbili za rangi ya maziwa zilibaki ukingoni, pale asidi ilipokwisha kula. Vibamba vinane vya tundu vilikuwa na mafuta. Nilimwambia hivyo aviache tu, lenzi hii haina springi ya kuvirusha kama nyingine, mafuta hayatavichelewesha. Alinitazama.

“Mafuta yasiyo na kazi ni uchafu,” akasema, na akavifuta kimoja kimoja.

Alitia grisi mpya kidogo kuliko nilivyodhani inatosha, akakutanisha mikwaruzo miwili, akazungusha. Pete ilikwenda kwa uzito mmoja mwanzo hadi mwisho. Alinipa niizungushe, kisha akaichukua tena akaizungusha mwenyewe mara tatu nne, bila sababu ya kazi. Wiki iliyofuata nilimpelekea Pentacon. Alitafuta mdomo wake kwa kujaribu mmoja baada ya mwingine, na wa nne ndio uliokuwa wenyewe.

Ilibaki kuweka alama ya mbali mahali pake. 5D haina njia ya kuonyesha picha kwenye skrini kabla ya kupiga, kwa hiyo jioni nilikwenda Raskazone, nikaiweka kamera juu ya ukuta, nikaielekeza kwenye meli iliyotia nanga karibu na kisiwa cha Toten. Unapiga, unajifunika kichwa kwa shuka ili uone skrini, unakuza, unalegeza skurubu tatu ndogo za pete, unaisogeza unywele mmoja, unakaza, unapiga tena. Watoto wawili walikaa kunitazama, wakachoka, wakaenda kuogelea, wakarudi wamelowa wakakuta bado niko na skurubu zilezile. Mara ya tisa herufi za jina la meli ubavuni zilisimama.

Siku ya pili yake nilimpelekea mjomba. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anangoja zamu ya kufanyiwa upasuaji, na kwa sasa anaona watu kama vivuli vyenye sauti. Yeye huniita mjomba nami namwita mjomba, kama ilivyo kwetu. Nilimwekea lenzi kiganjani bila kusema. Alipitisha kidole gumba ukingoni, akaigusa namba iliyochongwa, akapata zile pete mbili. Aliizungusha pete ya fokasi kwanza.

“Nani kaitia mafuta?”

Nikamwambia.

“Mkono wake mwepesi,” akasema.

Kisha akashika pete yenye vituo na kuanza kuihesabu, midomo ikicheza: mbili, mbili nukta nane, nne, tano nukta sita. Aligeuza uso kuelekea uani, ambako mke wangu alikuwa anaanika nguo na jua limekaa juu ya kamba.

“Saa ngapi sasa?”

“Saa saba, mjomba.”

“Mawingu?”

“Hakuna.”

Akaendelea kuhesabu, akasimama. “Kumi na moja. Na shata mia mbili na hamsini. Filamu ya mia.” Akanirudishia. Niliifunga kwenye kamera, nikaweka ISO 100 na shata alivyosema, nikafungua pete laini, nikafokasi kanga iliyokuwa inapepea, nikairudisha hadi ikagota kwenye 11 yake, nikapiga. Niliingia ndani, nikajifunika shuka kuangalia skrini. Nyeupe ya mashuka haikuungua, na chini ya mwembe kivuli kilikuwa na majani ndani yake.

“Imetoka?” akauliza kutoka barazani.

“Imetoka, mjomba.”

“Basi niletee kopo langu,” akasema. “Hiyo kanga ya kuviringishia umeiweka wapi?”